Mkono wa Kushoto wa Mwamuzi

Katika softiboli, kosa la kumzuia mkimbiaji hutendwa na mlinzi ambaye hana mpira mkononi wala hauwahi mpira uliopigwa, lakini amesimama njiani hata mkimbiaji akapunguza mwendo au akalazimika kuzunguka mbali. Si lazima wagongane. Mlinzi anayejifanya kumgusa mkimbiaji kwa mpira asio nao huhesabiwa ametenda kosa hilo hilo.

Mwandishi wa makala hii amekuwa mwamuzi kwenye viwanja vya shule vya Machakos, mbele ya wasichana waliolelewa na mchezo wa raunda wa shule ya msingi. Katika raunda, mlinzi akimzuia mkimbiaji, upande unaopiga hupewa nusu raunda, basi. Softiboli haina malipo ya namna hiyo. Mwamuzi aliyeliona kosa hunyoosha mkono wa kushoto ubavuni, ngumi imefumbwa, akataja kosa, kisha mchezo unaendelea. Mpira haufi papo hapo kwa sababu huenda mkimbiaji akafika mbali kuliko ambako mwamuzi angempeleka. Kuusimamisha mchezo mapema kungekuwa kumnufaisha mkosaji. Vumbi la murram linapotimka na vigelegele kupanda, sauti ya mwamuzi haisikiki, kwa hiyo ni ule mkono unaosema.

Kazi hii huhitaji waamuzi wawili kwa uchache: mmoja nyuma ya mdakaji, mwingine upande wa besi. Wote wakiufuata mpira kwa macho, kosa hupita bila shahidi, maana aghalabu hutokea mahali mpira haupo. Kwa hiyo, kabla ya mechi, wawili hao hukaa kando na kugawana: nani ataangalia mguu ukikanyaga besi ya kwanza, nani atakimbilia besi ya tatu, nani atabaki kwenye besi ya nyumbani. Mazungumzo hayo ya dakika chache yana thamani kuliko kuikariri sheria usiku kucha.

Mfano mmoja unatosha. Msichana apiga mpira ukapenya katikati ya walinzi wa nyuma upande wa kulia. Mlinzi wa besi ya kwanza asimama juu ya mstari akiutazama mpira unakokwenda. Mkimbiaji, akiisha kuikanyaga besi hiyo, amgonga begani, ayumba, kisha aendelea kuelekea besi ya pili. Mwamuzi wa besi anyoosha mkono wa kushoto huku akikimbia, macho yakimfuata mkimbiaji. Mwenzake, aliyeacha nafasi yake nyuma ya mdakaji na kusogea mbele, auangalia mpira. Mkimbiaji aguswa kwa mpira hatua moja kabla ya besi ya pili. Hapo ndipo mpira hufa: hawezi kutolewa kati ya besi mbili ambamo alizuiwa.

Sasa mwamuzi aliyetoa ishara hana budi kusema mkimbiaji angefika wapi lau asingezuiwa. Macho yake yalikuwa kwa mkimbiaji, hivyo humwendea mwenzake na kuuliza kwa sauti ya chini: "Walipogongana, mpira ulikuwa wapi?" Akijibiwa kwamba ulikuwa bado unabingirika kwenye nyasi, besi ya pili ni haki ya msichana, pengine hata ya tatu. Mwenzake hatoi hukumu, bali hutoa alichokiona. Hukumu hubaki kwa aliyenyoosha mkono, naye ndiye huitangaza. Waamuzi wanaopiga kura katikati ya uwanja huonekana hawana uhakika, na ni kweli hawana.

Kinga ya mkimbiaji aliyezuiwa ina mipaka. Mkimbiaji akiivuka besi aliyostahili na kujaribu inayofuata, anaweza kutolewa kama mwingine yeyote. Asipokanyaga besi au akimpita mwenzake njiani, kuzuiwa hakumwokoi.

Mwalimu wa timu akija kulalamika, huelekezwa kwa aliyetoa uamuzi, na mwamuzi wa pili hukaa kando. Kauli ya "Mwalimu, ndivyo nilivyoona" inafunga suala la iwapo mkimbiaji alizuiwa, kwa kuwa alichokiona mwamuzi hakikatiwi rufaa. Sheria ikitumiwa vibaya ni jambo jingine. Mwalimu ana haki ya kupinga.

Mtu mmoja hawezi kulitendea haki kosa hili, hata awe hodari vipi. Shule inayoandaa mechi na itafute waamuzi wawili, hata kama wa pili ni mwalimu aliyeanza kujifunza sheria muhula huu.