Mechi Moja

Bibi yangu alizaliwa Pangani, na kuna swali hakulipenda: "Nyie kabila gani?" Alijibu haraka, "Washirazi," kisha akaulizia chai. Siku ya arobaini yake, mjomba alinivuta pembeni akaniambia kwamba nyanya yake bibi alikuwa mtumwa kwenye shamba la miwa.

Nilikasirika. Niliona bibi amenidanganya maisha yangu yote.

Mwaka huohuo nikakutana na habari za William Edward White. Besiboli siielewi, lakini habari zake sikuweza kuziacha. White alicheza mechi moja tu ya ligi kuu ya Marekani, tarehe 21 Juni 1879. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown. Mchezaji wa kituo cha kwanza wa Providence Grays alikuwa majeruhi, naye akaitwa kuziba pengo. Alipata zamu nne za kupiga, akafanikiwa moja. Providence wakashinda 5–3. Hakuitwa tena.

Kwa zaidi ya miaka 100 jina lake lilikaa kwenye vitabu vya takwimu bila kumshughulisha mtu. Mwanzoni mwa karne hii watafiti wakafuata nyaraka hadi Georgia. White alizaliwa huko mwaka 1860. Baba yake alikuwa mzungu mwenye mali. Mama yake, Hannah, alikuwa mtumwa wa baba huyohuyo. Sensa ya 1870 ilimwandika chotara. Huko kaskazini akaandikwa mzungu, akaishi hivyo hadi alipofariki Chicago mwaka 1937.

Jackie Robinson aliingia ligi hiyo mwaka 1947, akizomewa na kutukanwa. Huenda White alimtangulia kwa miaka 68, na hakuna aliyemzomea, kwa sababu hakuna aliyejua.

Nilijaribu kumkasirikia kama nilivyomkasirikia bibi. Nikashindwa. Wote wawili walikuta mlango mmoja tu, na kiingilio kilikuwa kumkana mama.

Juzi mtoto wa dada yangu alileta kazi ya shule: chora ukoo wenu. Nilimtajia majina, naye akaandika, hadi tukafika kwa yule mwanamke wa shambani. Jina lake hatunalo.

"Nimruke, mama mdogo?"

Nikamwambia achore duara, aliache wazi, kisha akae nimsimulie.