STARA YETU MBELE YA MASHINE



Katika jarida hili la kila mwaka tumezoea kuandika juu ya twahara, adabu na kuwatii wazazi. Safari hii tumeona tuseme neno juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona si la madrasa, nalo ni mashine za kilimo na majengo yake. Sisi tunaliona ni la madrasa, kwa sababu watoto wanaotumwa mashineni ni hawa hawa tunaowasomesha, na nguo wanazokwenda nazo huko ni hizi hizi wanazosomea Qur'ani.

Tunaishi katika Bonde la Kilombero. Ifikapo Mei hadi Julai, mpunga unavunwa na kila mtu ana shughuli. Zamani mpunga ulipurwa kwa fimbo na kutwangwa kwenye kinu. Leo tunayo matrekta, mashine za kupura, kombaini, mashine za kukoboa, na pawatila ambazo zilizidi kuingia vijijini baada ya mpango wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009. Hizi ni neema, wala hatuandiki kuzilaani. Mama aliyekuwa akitwanga tangu alfajiri sasa anapata nafasi ya kupumzika. Lakini kila neema ina adabu zake. Shirika la Kazi Duniani linakihesabu kilimo kuwa miongoni mwa kazi tatu zenye hatari kubwa zaidi, pamoja na ujenzi na uchimbaji wa madini.

HESABU YA SEKUNDE MOJA

Tuliwapa wanafunzi wetu wakubwa hesabu hii ubaoni. Shafti ya nyuma ya trekta, ile inayozungusha mashine ya kupura, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Gawanya kwa 60, utapata mara 9 kwa sekunde moja. Tuseme shafti hiyo ina mzunguko wa sentimita 25. Basi ikinasa kitambaa, kwa sekunde moja itakuwa imeviringisha mita mbili na robo.

Sasa pima kanzu yako. Haifiki hata mita mbili. Maana yake ni kuwa kabla hujamaliza kutamka "nisaidieni", kanzu yote imekwisha kuliwa, na kilichobaki kuvutwa ni wewe mwenyewe. Hakuna kijana mwenye nguvu wala wepesi wa kushindana na hesabu hiyo. Darasa lilinyamaza kimya. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na ushungi je?"

YALIYOTUFIKA

Swali hilo lilikuwa na sababu. Msimu wa mavuno wa mwaka 2021, binti mmoja wa darasa la Juzuu Amma, mwenye umri wa miaka 11, alitoka madrasa jioni, akapitia nyumbani kuchukua ndoo ya mpunga. Mama yake alitaka mchele wa chakula cha usiku. Mashine aliyoiendea, ambayo hatutaitaja, ilikuwa na mkanda ulio wazi kati ya injini na kinu. Wavu wa kuukinga ulikuwa umeegeshwa ukutani.

Zamu yake ilipofika, mchele kidogo ulimwagika chini. Aliinama kuuzoa. Ncha ya ushungi wake ikaangukia kwenye mkanda. Ushungi ulikuwa umebanwa kwa pini mbili chini ya kidevu, basi haukuchomoka. Ukamvuta yeye.

Mwenye mashine aliwahi kuzima injini, lakini injini ya dizeli ina gurudumu zito. Hata ikizimwa huendelea kuzunguka kwa muda. Aliyekuwa sababu ya kuokoka kwake, kwa uwezo wa Allah, ni mbeba magunia mmoja aliyekuwa na kisu cha kukatia kamba. Alikikata kile kitambaa. Binti alivunjika vidole viwili na kubaki na kovu linalozunguka shingo. Alilazwa hospitali siku 16. Alhamdulillahi, leo anatusaidia kuwafundisha wadogo zake alifu na be. Ametukubalia tuyaandike haya, ila jina lake tusilitaje.

Tunaomba jambo moja lizingatiwe. Binti huyu hakuwa akicheza. Alitumwa akatii, na aliinama ili riziki isipotee. Tukisema kwamba ajali huwapata watoto watundu peke yao, tunawadanganya watoto wema.

JE, NI KULEGEZA STARA?

Baada ya hapo tuliitisha kikao cha wazazi. Tulipendekeza kwamba binti anayekwenda mashineni avae ushungi mfupi ulioshonwa, usio na ncha za kuning'inia wala pini, na ukingo wake uingizwe ndani ya gauni. Wavulana wavue kanzu, waende na suruali na shati lililochomekewa. Mtandio, mkufu, na kamba za mkoba viachwe nyumbani.

Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama. Akasema, "Walimu, leo mnafupisha ushungi kwa ajili ya mashine. Kesho mtaufupisha kwa ajili ya nini?" Swali hili si la kubezwa. Linatoka kwa mtu anayeionea uchungu dini yake, na wengi ukumbini waliitikia kwa vichwa.

Aliyemjibu si sisi. Ni bibi mmoja aliyekuwa ameketi upande wa akina mama. Alisema, "Mwenzangu, sisi tumetwanga miaka na miaka. Nani alitwanga huku kanga inapepea? Tulijifunga kibwebwe, na kichwani tukafunga kilemba. Hakuna aliyesema tuko uchi." Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka, akaketi.

Nasi tukaongeza kidogo tu. Stara ni kuufunika mwili kama tulivyoamrishwa. Binti akiuingiza ushungi wake ndani ya gauni, kilichofunikwa ni kile kile; kilichoondoka ni ncha. Tena mwili wenyewe ni amana tuliyopewa, na amana hulindwa. Sote tunakijua kisa cha yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake, akaelekezwa kwamba amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Anayesoma Bismillahi huku nguo yake inapepea kando ya mkanda, huyo hajamfunga ngamia.

Kisha tulifuatana na wazazi wawili hadi kwa wenye mashine wa hapa kwetu. Tuliwaomba mambo matatu: wavu juu ya mkanda, mstari wa rangi sakafuni ambao mteja hauvuki, na kwamba anayemimina mpunga awe mwenye mashine, asiwe mtoto. Tuliwakumbusha pia kwamba ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 18 katika kazi ya hatari. Wengi walikubali wiki ile ile. Mmoja alisema wavu unamchelewesha mkanda unapotoka. Wazazi hawakugombana naye. Walipeleka mpunga wao kwingine, na kabla mwezi haujaisha, wavu wake ulikuwa umerudi mahali pake.

GHALA NA RUNDO LA PUMBA

Mashine angalau hupiga kelele. Majengo yako kimya, nayo yana hatari zake.

Magunia yaliyopangwa kufika karibu na dari si mahali pa kucheza kibaoni. Gunia moja la mpunga likianguka linatosha kumvunja mtoto mgongo. Nafaka iliyomwagwa kama mlima nayo inaweza kuporomoka na kumfukia aliyeko chini.

Vidonge vya kufukizia nafaka, vile vinavyowekwa kuua wadudu, vikikutana na unyevu hutoa gesi iitwayo fosfini. Huweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usingoje harufu. Gesi hiyo haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Kwa hiyo nafaka iliyowekewa vidonge hivyo haiwekwi kabisa katika chumba wanacholala watu, hata kama ghala limejaa, hata kama tunaogopa wezi.

Injini ya dizeli au ya petroli isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Mwisho ni rundo la pumba nyuma ya mashine. Wachoma matofali hulipenda, na watoto pia. Pumba za mpunga huungua ndani kwa ndani siku nyingi, juu ukiona majivu tu. Anayelipanda huzama katika moto asiouona.

WASIA WETU

Enyi wanafunzi wetu, yashikeni haya machache:

1. Usitoke madrasa moja kwa moja kwenda mashineni. Pitia nyumbani, badili nguo.
2. Simama nyuma ya mstari. Mchele ukimwagika karibu na mkanda, uache mpaka mashine isimame kabisa.
3. Trekta na pawatila si vyombo vya kupandia watoto. Usining'inie pembeni, usikalie kiungo cha tela, usilifukuzie kwa nyuma.
4. Usiruke juu ya shafti inayozunguka, hata kama njia ya kuzunguka ni ndefu.
5. Kila ufikapo mashineni, uliza inazimwa wapi. Mwenzako akinaswa, usimvute. Zima kwanza, au piga kelele azime aliye karibu, kisha nguo ikatwe.

Na ninyi wazazi wetu, mtoto akirudi bila mchele na kusema, "Mama, mkanda ulikuwa wazi, nikaogopa," msimkaripie. Chakula cha usiku kikichelewa si msiba. Mwambieni amefanya vyema, kisha mtu mzima aende.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu mashambani na majumbani, abariki mavuno yetu, na atupe moyo wa kulinda alichotuamini nacho. Aamin.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.