"Unsolicited": Nani Kakuomba?

Huku Plano, kaskazini mwa Dallas, sanduku la barua halikauki: matangazo ya pizza, bima, na zile bahasha za kadi ya mkopo zenye jina lako kamili, utadhani mlicheza chandimu pamoja. Mmarekani anaziita unsolicited, na wengi wetu tunalichukulia neno hilo kama tusi.

Siyo tusi jamani. Maana yake ni moja tu: hukuomba. Ukipeleka CV kwenye kampuni ambayo haijatangaza kazi, maombi yako ni unsolicited, na watu wanaajiriwa hivyo hivyo. Kitu kisichotakiwa kina neno lake, unwelcome. Kwetu mtu akizamia harusi au akidoea pilau tuna jina la kumpa, lakini jirani anayepiga hodi bila taarifa tunamwambia karibu. Hata kile kibandiko cha No Soliciting unachokiona milangoni huku kinamkataza mchuuzi, hakimkatazi jirani aliyeleta sahani ya sambusa. (Uingereza solicitor ni wakili, kwa hiyo mlioko huko msishangae.)

Sasa sikilizeni, maana hapa neno linagusa mfuko. Tangu 1970 sheria ya Marekani inakataza benki kukutumia kadi mpya ya mkopo ambayo hukuiomba. Inachoweza kukutumia ni ofa, ndiyo maana bahasha inakubembeleza ujaze fomu. Ukishajaza na kutia sahihi, umeomba, na deni litakalofuata ni lako. Bidhaa ikija kwa posta bila wewe kuagiza, una haki ya kuichukua kama zawadi, na aliyeituma haruhusiwi kukudai. Barua pepe za matangazo hazikukatazwa. Sheria iliyopitishwa 2003 inamtaka mtumaji akupe njia ya kujitoa. Na anayekupigia akidai ni mtu wa uhamiaji, anataka umlipe kwa kadi za zawadi za dukani, huyo ni mwizi. Kata simu.

Inabaki simu ya mama, saa tisa za usiku huku, kwao mchana kweupe. Umekula? Unasali? Mchumba je? Kiingereza kinauita ushauri huo unsolicited advice. Jaribu kumtafsiria: "Mama, sikukuomba ushauri." Mimi sithubutu.