Tupeni kazi yenye sauti za watu

Siku hizi katika fakulte yetu TP zinarudi na alama nyekundu ambayo haionyeshi kosa lolote la sarufi. Ni alama ya kuuliza tu, na kila mwanafunzi anajua maana yake: mwalimu anashuku kwamba kazi imeandikwa na akili bandia. Mwenzetu mmoja, aliyesomeshwa na masista tangu shule ya msingi na anayeandika Kifaransa safi, alipewa 6 kwa 20 na kuambiwa: « Hii si yako. » Hakuulizwa swali hata moja.

Sisemi kwamba hatuitumii. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mwenye mega kidogo anaweza kuomba muhtasari wa kitabu ambacho maktaba yetu haina. Kwa watu wanaosomea silabusi za kunakiliwa, hilo si jambo dogo.

Ila dawa ya kupitisha kazi zetu katika programu za kutambua maandishi ya mashine ni mbaya kuliko ugonjwa. OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, iliiondoa programu yake ya namna hiyo Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walizijaribu programu 7 kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa watu ambao si lugha yao. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Programu hizo hushuku maneno ya kawaida yanayofuatana kama inavyotarajiwa, na anayeandika katika lugha ya kujifunza huandika hivyo. Sisi wa Lubumbashi tunaandika Kifaransa baada ya Kiswahili, wengine baada ya Kiluba au Kibemba.

Mwalimu wetu wa isimujamii alichukua njia nyingine. Alitutuma wawili wawili katika komini ya Kenya, sokoni, turekodi dakika kumi za mazungumzo kwa ruhusa ya wenyewe, tuyaandike yote, kisha tumpe mashine maandishi yale na kurudi na makosa yake.

Mimi na mwenzangu tulimrekodi mama anayeuza unga. Aliposema « Batoto beko wapi? », mashine ilisahihisha: « Watoto wako wapi? », ikaongeza kwamba msemaji hajui upatanisho. Kumbe ba- yake haiyumbi hata mara moja katika dakika zote kumi, tena ndiyo ba- ya Kiluba na Kibemba. Huo ni upatanisho kamili. Tulipoiuliza meka ni nini, ikajibu bila kusita kwamba ni mji mtakatifu wa Waislamu. Mama yule angecheka, yeye anayepima unga kwa meka kila asubuhi.

Halafu tukaulizwa kwa mdomo. Kwa nini mmeandika « shiye » hapa na « sisi » pale? Mteja aliingiza Kifaransa wakati gani, na alikuwa anataka nini? Asiyekwenda sokoni alijulikana katika swali la pili. Na mimi niliisoma sarufi ya Kiswahili cha nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba hakina sarufi.

Najua mwalimu mwenye wanafunzi 200 na mshahara unaochelewa atauliza muda huo wa maswali anautoa wapi. Mwalimu wetu alichukua dakika tano kwa kila wawili, asistanti wake akisaidia, na akafuta TP nyingine mbili za muhula. Hakuna aliyezililia.

Rekodi zile bado ziko katika simu zetu, na simu huibiwa. Fakulte ikipata diski moja ya kuzihifadhi, wa mwaka ujao wataanzia pale tulipoishia, na sisi tuko tayari kuzileta hata wiki hii.