Yasmin angelala wapi?

Vuta N'kuvute niliitazama usiku kwa simu, hapa nyumbani Ganze. Ni filamu ya Amil Shivji ya 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Unguja, miaka ya 1950: Yasmin, msichana wa Kihindi, anamtoroka mume mzee aliyeozwa, halafu anampenda Denge, kijana Mswahili anayempinga Mwingereza.

Wengi humsifu Denge. Sawa, lakini Denge ana wenzake wa siasa. Yasmin je? Kama Mwajuma hangemfungulia mlango, angelala wapi jamani?

Hapo ndipo nilipokwama. Nikiwa kidato cha tatu nilipendana na binti wa Kiarabu kule Malindi. Barua tu, hata mkono sikumshika. Kakake akaziona. Miaka yote nimekuwa nikisimulia kana kwamba mimi ndiye niliyeonewa, ati Mgiriama hatakikani. Kumbe jioni ile nilipanda matatu nikarudi kwetu, mama akaniwekea sima na mchunga, nikala.

Yeye alitolewa shule muhula uo huo. Na sijawahi kuuliza kama alimaliza.