Mshahara, Posho na Uongozi wa Kazi ya Chuo Kikuu

Katika mijadala ya utendaji wa wafanyakazi wa vyuo vikuu, uongozi, motisha na mishahara huchambuliwa kama mambo matatu yaliyotengana. Historia ya Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, yaonyesha kwamba hayatenganiki. Mpango wa malipo ndio humweleza mhadhiri kazi ipi inathaminiwa, na kuupanga ni wajibu wa uongozi.

Msamiati wenyewe wadokeza jambo. Mshahara ni neno lenye asili ya Kiarabu, lililotokana na neno la mwezi. Hulipia utumishi wote, wa darasani na wa maktabani. Posho nayo ilikuwa chakula alichopimiwa mpagazi au askari, na Uganda hadi leo posho ni ugali. Katika ofisi za Tanzania, posho ni malipo ya kikao au safari. Mshahara humtunza mtumishi. Posho hununua siku yake.

Wakati wa utawala wa Idi Amin (1971–1979) na miaka iliyofuata, mshahara wa mhadhiri wa Makerere ulipoteza thamani, na wengi walilazimika kutafuta riziki nje ya chuo. Kuanzia mwaka 1992 chuo kilipokea wanafunzi wa kujilipia, na kozi za jioni zikaongezeka. Ada hizo ziliwaongezea wahadhiri kipato. Mafanikio hayo hayafai kubezwa. Hata hivyo, kwa kuwa fedha ziliwafuata wanafunzi, vitivo vilishindana kubuni kozi zenye soko. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake Scholars in the Marketplace (2007), anaeleza jinsi biashara hiyo ilivyodhoofisha utafiti. Wahadhiri hawakuwa wavivu. Walijitahidi sana, ila katika kazi iliyolipiwa.

Mwaka 2013 wahadhiri walidai nyongeza ya mshahara, wakapewa posho ya motisha. Malipo yake yalipolimbikizwa, mgomo ulizuka, na tarehe 1 Novemba 2016 Rais Yoweri Museveni aliamuru chuo kifungwe. Kilifunguliwa tena Januari 2017. Kilichokusudiwa kuwa motisha kilikuwa kimegeuka deni.

Mkono mtupu haulambwi, na hakuna hekima ya kiongozi iwezayo kuziba pengo la mshahara usiotosha. Lakini mshahara peke yake hauzai utafiti. Mwanaisimu anayekusanya data za lahaja kwa miaka mitano hana kikao cha kulipiwa. Mkuu wa idara, hata asipokuwa na mamlaka juu ya mishahara, anaweza kugawa vipindi kwa haki, kumtengea mtafiti muda, na kuhakikisha kwamba kazi yake inahesabiwa anapopandishwa cheo. Asipofanya hivyo, posho ndiyo itakayoiongoza idara.