Baridi ya Mwezi wa Saba

Julai Elburgon si mwezi, ni adhabu. Ukungu unashuka kutoka Mau mapema jioni, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu, na mavin hutoi kichwani hata ukilala. Watu wa Nairobi wakilia baridi huwa nacheka tu.

Usiku naweka tekno. Sio ya kelele. Hii inaelea, besi iko chini kabisa, sauti zingine zinapita mbali kama setilaiti. Ilizaliwa Detroit, mji wa viwanda vya magari, wenye baridi ya theluji. Mwaka 1985 Juan Atkins alitoa "No UFO's" kwa jina la Model 500. Viwanda vinafungwa, vijana weusi wanaota anga za juu. Hapo sikuhitaji kuelezwa.

Hapa kwetu mlio ulikuwa wa mashine za mbao. Mzee alifanya kazi huko tangu sijazaliwa. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu ya umma. Mashine zikanyamaza, naye akanyamaza nazo. Marufuku yenyewe ilitangazwa ya siku 90 (siku 90!), ikavutwa miaka.

Juzi alinikuta jikoni, spika iko juu ya meza. Akavuta kiti karibu na jiko la makaa. Nilijua ataniambia nizime. Akasikiliza, kidole kinagonga goti.

"Huo ni msumeno," akasema, "kabla haujagusa gogo."

Nikaongeza sauti kidogo.